Shemeji alinikataza mapapai yangu mwenyewe, jino likabaki kwenye muhindi

Wakuu, salamu kutoka Bugarama, huku Rusizi. Haya sikuyasikia kwa mtu. Yamenikuta mimi, na shahidi ni pengo lililo mdomoni mwangu.

Kiswahili changu ni cha Bukavu nilikokulia, na shule niliacha primeri ya tatu. Walimu wa sarufi mpite pembeni.

Naanza na siku mbaya kuliko zote.

Ubatizo wa mtoto wa Fideli, kaka wa mke wangu. Uani watu wamejaa. Nimepewa muhindi wa kuchoma. Nikauma. Nikavuta. Muhindi ukaondoka na jino.

Si kipande, wakuu. Jino zima, limesimama katikati ya punje utafikiri limeota pale. Damu ikashuka mpaka kwenye shati la kuazima.

Fideli akapiga kelele kuliko wote: "Muliona? Sumu njo inatoka! Musimuguse!"

Wageni wakatawanyika. Hata padri alisogeza kiti.

Sasa turudi nyuma.

Mimi kazi yangu ni kupakia simenti kwenye malori, Muganza. Siku ya Idi nilialikwa na jirani yangu Maman Zawadi, mjane Mwislamu, mkulima wa mpunga. Nikala pilau sahani tatu. Jioni tumbo likanikata.

Mwenye akili angesema ni ulafi. Lakini huku kwetu mtu akiumwa tumbo haulizwi amekula kiasi gani. Anaulizwa amekula kwa nani.

Fideli akanipeleka kwa mganga mmoja huko juu Kamembe. Mimi namwita Dokta Kikavu, mtaona kwa nini. Alichungulia kwenye beseni la maji akasema nimelishwa sumu na "mwanamuke wa mupunga, mwenye kufunika kichwa."

Nikamwamini, maana mimi sikuwa nimemwambia kitu.

Dawa yake? Nile vikavu tu. Eti sumu inapenda maji. Matunda marufuku, mboga marufuku. Nibaki na bugali, makayabo, yaani samaki mkavu wa chumvi, na muhindi wa kuchoma.

"Na chai?"

"Chai imechemka. Sumu ilikufa kwa moto."

"Na bia?"

"Bia kidogo."

Nikamwona ni mganga mwenye huruma.

Nyuma ya nyumba nina mipapai. Fideli akaniambia, "Shemeji, haya mapapai yatakujaribu. Acha niyabebe nikayatupe." Akawa anakuja kuyatupa kila Jumapili, na gunia.

Siku moja nikapita kwake. Nikakuta batoto bake banayatupa mdomoni.

"Sumu ni yako, shemeji. Sisi hatuna," akanijibu huku akijifuta kidevu.

Miezi ikapita. Wao wananawiri, mimi nakauka. Fizi zikawa zinatoka damu nikipiga mswaki. Miguu ikaota madoa ya zambarau. Kovu la zamani likafunguka upya. Mfuko wa simenti niliokuwa naubeba huku naimba ukanishinda, kapita, msimamizi wetu, akaniambia nikae nyumbani.

Kila nikirudi kwa Dokta Kikavu anapiga makofi: "Inatoka! Inatoka!"

Wakuu, kilichokuwa kinatoka ni mimi.

Na Maman Zawadi je? Maneno ya beseni yalienea, wateja wa mpunga wakamkimbia. Batoto ba jirani walikatazwa hata kunywa maji kwake. Mtu alinipa pilau, akalipwa uchawi.

Baada ya ule ubatizo mke wangu, Maman Aline, hakuuliza mtu. Alinishika mkono mpaka kituo cha afya. Nesi akafungua mdomo wangu, akaangalia miguu, akakaa chini.

"Papa, unakulaka nini?"

"Bugali na makayabo."

"Na matunda? Na mboga?"

"Banikataza, Maman. Munganga."

"Ule munganga alikukataza kuishi. Hauna sumu. Mwili wako umekosa vitamini C."

Nikamwambia sitaki dharau, tumbo langu linashiba kila siku. Akacheka. Akasema kushiba ni jambo moja, na vitamini ni jambo lingine. Hii ya C mwili hauitengenezi wala hauiweki akiba ya muda mrefu. Lazima uile, hasa kwenye matunda na mboga.

Maman Aline akadakia: "Basi nitamupikia sombe." Nesi akasema sombe, hayo majani ya muhogo, ni nzuri na lazima iive sana, lakini kwa kuchemka muda wote ule hii vitamini inapotea nyingi. Niongeze kitu kibichi: mapera, machungwa, mapapai.

"Kwenu hakuna mapapai?"

"Yako, Maman. Shemeji anayatupaka," nikajibu.

Alinipa na vidonge vya kuanzia. Haikupita wiki mbili fizi zikakauka damu. Madoa yakafifia. Leo nabeba simenti kama zamani, pera mfukoni. Jino halikurudi.

Funzo langu ni fupi: ukiona mtu anakuzuia kula kitu kibichi cha shambani kwako, kwanza uliza nani anakila. Na fizi zikitoka damu, nenda kwa wenye vipimo, usiende kwa wenye beseni.

Lakini afya iliporudi, akili nayo ikarudi na swali.

Dokta Kikavu hakuwa ananijua. Kwa Maman Zawadi hajawahi kufika. Siku ile, mimi niliachwa nje kwenye benchi, Fideli akatangulia ndani "kusalimia". Na Fideli huyo huyo alikuwa amegombana na Maman Zawadi juu ya mfereji wa maji ya mpunga, akashindwa mbele ya wazee.

Wakuu, mliowahi kulishwa ujinga kama mimi leteni komenti zenu, hata za kunicheka, nimezoea. Ila nafasi ya kwanza muachieni shemeji, maana najua anasoma humu.

Fideli, mapapai nimekusamehe. Jumamosi ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kijiji, watu wakikaa kikao, simama useme jina la Maman Zawadi liliingiaje kwenye lile beseni.

Mimi usinijibu. Mujibu yeye.