Magoti Yasiyokutana

Andika kama ninavyosema, mjukuu wangu, wala usilainishe neno kwa sababu habari ni yako. Mimi sikuingia darasa lolote. Wino ni wako, maneno ni yangu.

Ulipokuwa mtoto wa kubebwa mgongoni hapa Naipingo, homa ilikushika masika baada ya masika. Kila ilipokuzidi nilikwenda nawe zahanati, ukachomwa sindano za kwinini kwenye makalio, leo upande huu, kesho upande ule. Ulilia mpaka sauti ikakauka. Baadhi ya watoto wa rika lako tuliwazika, wewe ulipona. Kwa hiyo mtu asitazamie kwamba nitazijutia sindano zile.

Ulipokua, magoti yako yalikataa kukutana. Wenzako wakichuchumaa, wewe mapaja yako yalikwenda huku na huku kama ya chura. Nilipokukemea uliyabana kwa mikono, ulipoachia, yakafunguka. Wakati wa palizi ya ufuta uliinama kutoka kiunoni, na katika swala kukaa juu ya visigino kulikushinda, hata shehe akatuambia uswali kadiri mwili unavyoruhusu. Ukitembea, hakuna aliyeona kitu.

Nami ni mwanamke niliyewafunda wasichana wengi unyagoni. Kwetu msichana akimsalimia mkubwa hushuka chini, magoti pamoja, khanga imefunika. Magoti yakiachana, watu hawasemi kwamba ni nyonga. Husema ni tabia.

Ndivyo alivyosema shangazi wa mchumba wako, alipokuja kutoka Mandawa, upande wa Ruangwa, kukutazama kabla posa haijajibiwa. Ulimletea maji ya kunawa, ukashuka mbele yake. Ulijitahidi mpaka mishipa ya shingo ikakutoka. Yeye aliyatazama magoti, hakuyatazama maji. Tulikula ming'oko, vile viazi nilivyovichimba porini, kwa maneno mazuri. Alipokuwa akivaa viatu mlangoni, akaniambia kwa upole kabisa:

"Dada, mwali huyu alifundwa na nani? Maana naona kama wanaume walikutangulia kumkalisha."

Nilimjibu kwamba aliyemfunda ni mimi, na kwamba njia ya kurudi Mandawa anaijua.

Ulilia, kisha ukaacha kulia ukataka hospitali. Tukaenda Nachingwea. Daktari alikuwa kijana, lakini aliniamkia vizuri na hakuzungumza nawe kama vile hupo. Alikulaza ubavu, akakukunja nyonga, akanishika vidole akaviweka juu ya kalio lako. "Bonyeza hapa, bibi." Chini ya ngozi nilikuta kitu kirefu, kigumu, kama kamba ya katani iliyolowa ikakauka juani. Miaka yote hiyo nilikuogesha, nikakukanda, na sikujua kwamba kipo.

Akatueleza kwamba makalio yana msuli mkubwa wa juu, ambao ndio wa kuinukia na wa kupandia mlima. Chini yake iko mingine, ya kushikilia nyonga isiyumbe mtu anapotembea. Dawa nyingi mahali pamoja iliua nyama ya msuli ule wa juu, pakabaki kovu, na kovu halinyooki. Ukikunja nyonga, linalivuta paja nje.

Nilimwuliza kama mchoma sindano alikosea. Akaligawa kalio kwa kidole mafungu manne, akagonga fungu la juu la nje, akasema kwamba makovu yapo hapo, na hapo ndipo panapotakiwa. Sindano zilizidi wingi tu. Sehemu ya kuogopwa ni ya chini na ya ndani. Huko, chini ya msuli mdogo uliolala kwa kukingama, hutokea neva, mshipa wa fahamu, nene kama kidole cha mwisho cha mkono, ikashuka nyuma ya paja mpaka unyayoni.

"Kovu linaweza kukatwa katika hospitali kubwa," alisema. "Lakini huwa linakaribia neva hiyo. Wapasuaji huitafuta kwanza, wakailinda, ndipo wakakata."

"Na ikiguswa?"

"Unyayo unaweza kulegea, bibi. Akitembea, vidole vitaburuta. Haitokei mara nyingi, ila nisipokwambia nitakuwa nimekudanganya."

Nilikataa palepale. Nilisema mtu anayetembea hapelekwi kisuni ili apate kuchuchumaa mbele ya wageni. Hukunibishia hospitalini. Ulingoja tufike nyumbani, ukaniuliza: "Bibi, unaogopa kisu, au unaogopa watu wakiniona wataambiana kwamba wewe ndiye ulishindwa kunifunda?"

Nilichukua ndoo nikaenda kisimani. Hata leo jibu sijalipata lote.

Tangu habari za hospitali zimfikie, shangazi yule hutuma salamu kwa simu, akiuliza kama umekwisha kutengenezwa, kana kwamba wewe ni mlango ulioachana na bawaba. Mchumba wako amenyamaza, na ukimya wake nao naupima.

Juzi ndipo uliponiambia kwamba nyonga hukuuma kila utokapo shambani, na kwamba ulinificha kwa kuwa nilikwisha kusema hapana. Hilo sikulijua. Neno langu lilikuwa kwa ajili ya unyayo wako, nalo likakuziba mdomo usiyataje maumivu yako.

Basi andika hivi, na usiinamishe kichwa. Mwili ni wako, na umri wa kuamua unao. Ukikatwa kwa sababu ya maumivu, nitakwenda nawe. Ukikatwa kwa sababu ya macho ya yule mwanamke wa Mandawa, pia nitakwenda, ila nitagomba njia nzima. Nitakaa pembeni ya kitanda mpaka uamke. Mtu yeyote asikuulize habari ya kuchuchumaa siku hiyo. Nitafunua shuka upande wa miguu, nikuambie uinue vidole, nami nitakuwa nikivitazama.