Mstari Juu ya Majina

Mimi ndiye niliyewafuta waanzilishi wa kanisa letu la Kipresbiteri, na niliwafuta kwa neno moja la Kichina.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nikienda Guangzhou kununua viatu vya duka langu la Nairobi. Wazee wa kanisa wakasema, basi nenda na daftari letu, ukalichapishe kitabu huko, ni rahisi. Daftari lilikuwa moja tu. Karani wa kwanza alilianza kabla ya vita ya kwanza ya Wazungu, kanisa likiwa banda la udongo na nyasi. Aliandika kila aliyebatizwa na habari zake: huyu alifukuzwa na baba yake kwa kukataa kutambika, yule alitembea siku mbili na blanketi lake kuja kujifunza kusoma. Mshirika akifa, karani alipiga mstari juu ya jina lake siku ya maziko. Ndiyo desturi yetu. Kati ya wale wa kwanza, jina moja tu halikuwa na mstari, la nyanya yangu, aliyebatizwa akiwa mtoto. Macho yake yalikuwa yamekwisha, na kumbukumbu nayo ilikuwa ikimtoroka. Alitaka kitu kimoja kabla hajafa: asomewe majina ya wenzake.

Karibu na mtaa wa Liuhua palikuwa na mchapaji wa maboksi ya viatu, mtu mpole, akaninywesha chai. Kichina changu kilikuwa cha sokoni: ghali, punguza, hakuna. Alifungua daftari, akaweka kidole kwenye jina lenye mstari, akaniangalia. Nikadhani anauliza hawa wako wapi.

“Mei you,” nikamjibu. Hawapo. Kwetu aliyefariki tunasema hayupo, nami nilijiona nimejibu kwa heshima. Akaonyesha jina la pili, la tatu. “Mei you, mei you.” Akaitikia kwa kichwa.

Neno hilohilo wauza viatu walinitupia kila siku nilipoulizia saizi iliyokwisha: hakuna, sahau. Lakini mjinga mimi sikulikumbuka.

Nilirudi baada ya siku kumi. Vitabu vilipendeza, jalada la buluu, karatasi nyeupe. Nikafungua ukurasa wa waanzilishi. Palikuwa na jina moja.

Nikamwomba daftari. Kumbe alilichana karatasi moja moja ili wapanga herufi wagawane kazi, na walipomaliza, karatasi zikatupwa pamoja na mabaki ya maboksi. Akanionyesha viganja vitupu. “Mei you,” akasema. Nililia barabarani Huanshi Zhonglu katikati ya watu, mtu mzima mimi, na nilijichukia kuliko nilivyowahi kumchukia mtu yeyote. Maji yakimwagika hayazoleki.

Wazee walinisamehe upesi mno. Ingekuwa nafuu wangenifokea.

Nyanya alikipapasa kitabu, akakinusa. “Nisomee, mama.”

Nikasoma jina lake. Akatabasamu, akangoja.

“Endelea.”

“Yameisha, Shosho.”

“Na wenzangu?”

Nikamweleza nilichofanya. Kisha nikachukua kalamu, nikamsihi anitajie yeye mwenyewe, hata wawili, hata mmoja, niandike. Midomo yake ikatafuta. Halafu akalitaja jina lake, akatulia, akalitaja tena.