Mzee wa Mtwara na opereta wa zamani

Leo nimechelewesha kikao cha mabosi, na sijutii.

Kazi yangu hapa Kipawa, Dar, ni kupokea simu za video zinazoingia ofisini na kuzielekeza kwenye chumba husika. Moja ya Mtwara, iliyokuwa ya kikao cha mabosi, ikakwama kwenye mtambo, nikaipokea mwenyewe. Alikuwa wakala wetu wa korosho.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Sauti yako kama ya opereta wenu wa zamani."

"Alikuwa mama yangu. Tulimzika mwaka jana."

Akanipa pole, kisha akasema:

"Siku moja zamani nilikuwa hapo ofisini kwenu Dar, mke wangu kashikwa uchungu huku. Mama yako alihangaika na laini mpaka nikaongea na nesi."

Akamwita binti yake mbele ya kamera.

"Huyu ndiye aliyezaliwa siku ile. Tulimwita Rehema, kama mama yako."

Jamani, mliomfahamu mama, alikuwaga anawapokeaje?