Chemchemi Ilipoanza Kukonda

Majuzi nilipita Mbale kumsalimia jirani yetu wa zamani, yule mama aliyekuwa akikaanga mandazi. Kabla sijakaa vizuri akanipa maji ya chupa, ya dukani. Nikayashika nikamtazama, naye akanitazama. Ninajua sote wawili mawazo yetu yalishuka mteremko uleule wa zamani.

Mimi ni mzaliwa wa Jinja. Baba alikuwa askari magereza, tukiishi Kimaka, na kule maji hayakuwa jambo la kuzungumzia: ziwa lilikuwa pale, Nile pale, mfereji nyuma ya nyumba. Katikati ya miaka ya tisini baba akahamishiwa Mbale. Nyumba za kambini zilikuwa zimejaa, basi tukapanga vyumba ukingoni mwa eneo la viwanda. Nyumbani tuliongea Kiswahili, kwa sababu baba alikuwa Mwacholi na mama Mteso, na Kiswahili cha kambini ndicho kilichowaoanisha.

Chini ya mteremko wetu kulikuwa na chemchemi. Ukuta mfupi wa zege, bomba la chuma, na maji yakitoka manene kama mkono wa mtu mzima, baridi mpaka meno yanauma. Alfajiri tulishuka na jerikeni, tukagombania foleni, tukafua sare, tukasikia habari zote za mtaa. Juu yake kulikuwa na kinamasi chenye magimbi, na vyura waliopiga kelele kama wanafunzi wasio na mwalimu. Kwa maji yale mama alijifunza kupika malewa, machipukizi ya mianzi kutoka mlimani, na mchuzi wa karanga. Aliyemfundisha ni yule jirani wa mandazi. Yeye alikandia unga wake maji hayohayo. Alisema maji ya mjini yanaufanya unga unune.

Kisha malori yakaja. Tajiri mmoja alinunua kinamasi, akakifukia kwa kifusi chekundu, akaanza kujenga nyumba za kupangisha, safu baada ya safu. Akachimba kisima kirefu kwa mashine na kufunga pampu. Kila pampu iliponguruma bomba letu lilikonda, kwanza likawa kama kidole, baadaye kama uzi. Nikawa nachelewa shule. Jirani akawa anakaa siku nzima hajawasha jiko. Wengine wakaanza kuchota mtoni, chini ya viwanda, na watoto wakaugua matumbo. Mdogo wangu, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea, aliugua mpaka akakosa nguvu ya kulia. Mama alimbeba mgongoni hadi hospitali. Aliporudi naye amepona, hakupumzika hata kidogo. Alikwenda moja kwa moja kwa jirani.

"Kesho tunaenda kwa huyo bwana," alisema.

Walikwenda akina mama wote wa mteremko, na jerikeni tupu, wakazipanga mbele ya geti la tajiri ili malori ya saruji yasipite. Mimi nilikuwa nimeshika sketi ya mama. Dereva akapiga honi, akatukana, akapiga tena. Jirani akaketi juu ya jerikeni yake, akatoa ungo, akaanza kuchambua mchele kana kwamba yuko jikoni kwake.

Mtu alimpelekea baba habari. Akaja mbio, amevaa sare, jasho likimtoka, akamvuta mama kando.

"Mama watoto, mkubwa wangu amesikia. Unataka wanitupe Karamoja, kule kwenye ukame?"

"Hata Karamoja watu wanakunywa maji," mama akajibu. "Wewe rudi kazini. Mimi nabaki hapa."

Baba aliondoka, na mimi nikadhani ametuacha. Jioni, zamu ilipoisha, alirudi amevaa shati la nyumbani, amebeba kiti. Akaketi kando ya mama.

"Sasa mimi si afande," alisema. "Mimi ni baba ya mtoto."

Kesho yake tajiri alifika mwenyewe. Mama alimsalimia kwa heshima, kisha akasema, "Bwana, nyumba zako ni nzuri. Lakini ukivuta maji yote, sisi tunywe nini?"

"Kiwanja ni changu. Nilinunua."

"Kiwanja, ndiyo. Maji ulinunua kwa nani?"

Tajiri alitazama malori yaliyosongamana hadi barabarani, akatazama jerikeni, akachoka. Alikubali pampu ipumzike kuanzia mchana, na koki moja iwekwe nje ya ukuta wake kwa ajili yetu. Mama hakuondoka mpaka fundi alipoifunga na yeye mwenyewe akajaza jerikeni ya kwanza.

Bomba likanenepa tena, si kama zamani, lakini jirani alikaanga mandazi. Tulipata miaka michache hivyo. Halafu wakaja wajenzi wengine, kila mmoja na kisima chake. Mama aligonga kila geti. Wapo waliomsikiliza, wapo waliomfungulia mbwa. Mimi nilikuwa nimerudi Jinja kusoma, na likizo moja nilikuta chemchemi imekauka, buibui ametanda mdomoni mwa bomba. Mama alikuwa kwenye ile koki ya ukutani, anafua.

"Hii tuliipigania," aliniambia. "Ifunge vizuri, isivuje."

Leo pale chini pamesimama ghorofa. Vyura hawapo, magimbi hayapo, na wasichana wa mtaa hawana mahali pa kugombana na kupatana kabla jua halijapanda. Kila nyumba ina tanki lake juu ya paa na ukuta wake.

Mimi nimerudi Jinja, kuishi Kimaka. Bondeni kwetu bado kuna chemchemi moja hai, na juu yake nimeona vigingi vya mpima ardhi. Nimeshamwendea mwenye kiwanja. Hakunipokea vizuri. Nitarudi, na sitakuwa peke yangu, kwa sababu sitaki binti yangu asimuliwe tu, kama hadithi, kwamba zamani maji yalitoka ardhini yenyewe, mchana na usiku, bila mtu kuyaamrisha.