Fundi wa Kuzeesha Mawe

Baada ya miaka tisa ya kufunga maboksi kwenye ghala moja jirani na uwanja wa ndege, Spès Ndayizeye alipunguziwa saa za kazi. Alikuwa mama wa miaka hamsini na mbili, Mrundi aliyejifunza Kiswahili kambini Kigoma, akikaa Euless, Texas, na binti yake Keza. Mwezi huohuo Otieno, Mkenya anayetengeneza bustani, akamchukua kwenye kikosi chake.

Kazi ya kwanza ilikuwa Irving, kwa bibi mmoja aliyetaka kujengewa gofu la mapambo, kama jengo la kale lililobomoka, nyuma ya nyumba. Spès alidhani amesikia vibaya. Lakini walijenga kweli: mnara uliokatika nusu, dirisha lisilo na nyumba, tao lililoishia hewani. Bibi alipokuja kuangalia akakunja uso. Mawe yalikuwa yanang'aa kama sahani.

"Mama Keza," Otieno akamwambia, "client anasema hii gofu inakaa mpya sana. Nimesoma ati ukichanganya maziwa mala na ule uoto wa kijani wa penye maji, halafu upake mawe, yanazeeka haraka. Wewe uta-handle hiyo."

"Maziwa? Ya kunywa?" Spès akashika kiuno. "Kwetu ukimwaga maziwa watu wanakuulizia akili zako!"

Alipaka hivyohivyo, akiomba radhi kimoyomoyo. Jua la Texas likakausha kila kitu kabla ya saa sita, na paka wa mtaa mzima wakaja kulamba mnara. Otieno alicheka hadi akakaa chini. Spès hakucheka sana. Hakupenda kazi yake ya kwanza iharibike.

Jumapili, akitoka kanisani, alipita nyuma ya jengo lao la fleti. Chini ya bomba la kiyoyozi, pale maji yanapodondoka, ukuta ulikuwa wa kijani kibichi, hata na joto lile. Akasimama. Uoto huu, akawaza, umeshazoea jua la hapa. Akafuata bakuli na kijiko, akaanza kukwangua.

"Mom, what are you doing?" Keza aliuliza kutoka dirishani.

"Nazeesha mawe, mwanangu. Leta kijiko kingine."

Safari hii alipaka mnara upande wa kivuli tu, akafunika kwa magunia, akawa anayalowesha asubuhi na jioni. Wiki ya tatu, hakuna kitu. Wiki ya sita aliinua gunia, akakuta mawe yameota kijani, akapiga vigelegele hadi Otieno akaja mbio akidhani ameng'atwa na nyoka.

Spès haendi ghalani tena. Kila Otieno anapojenga gofu, yeye ndiye anayelizeesha. Siku bibi wa Irving alipoalika marafiki, mzee mmoja alivua kofia mbele ya mnara, akauliza kwa heshima ni akina nani waliokuwa wakiishi humo zamani. Spès, aliyekuwa akimwagilia maua, akaweka mpira wa maji chini, akaenda nyuma ya ukuta, akacheka mpaka machozi yakamtoka.