Nzi Kwenye Maharagwe ya Victorine

Victorine ni fundi cherehani huku ugenini Malvern, mlango wa pili kutoka kwangu ninakouza vitenge, na nyuma ya nyumba ana kijibustani cha maharagwe. Mwaka 2017 alizipanda zote mbegu alizoletewa kutoka kwao Uvira, asibakize hata moja. Mimi mtu wa Tanga nilimshangaa. Kumbe kwao mbegu zikiisha, binti huenda kwa mama yake kuomba nyingine. Mazoea yana taabu. Ila mama yake alikuwa ameshafariki tangu Pasaka, na Victorine hakwenda kumzika kwa sababu ya karatasi za ukimbizi. Zile ndizo zilikuwa mbegu za mwisho za mama.

Basi majani yakaanza kutoka michirizi myeupe iliyopindapinda. Mimi sina subira, nikamwambia Victorine kwa jina la mwanawe:

"Mama Carmel, nunua dawa upulize, yaishe."

"Ngoja kwanza, dada. Kama ni ile nzi nyeusi tititi ya kwetu, inashuka mu shina, inaua yote. Kama ni ya majani, ile ya doa la njano, inaishia mu majani."

Akatia majani kwenye chupa ya jamu, akaifunika kitambaa na kuiweka kando ya cherehani, angojee nzi atakayetoka. Nilimcheka kuwa anafuga funza. Akaliinua jani moja dirishani, nikamwona funza wa manjano ndani yake, mdogo kuliko punje ya mchele, anakula na njia yake inapanuka. Baadaye funza walilitoboa jani, wakaanguka chini ya chupa, wakageuka vijipunje vya kahawia visivyotikisika.

"Mama alikuwa ananionyesha hivi," alisema. Nami nikamkumbuka wangu.

Asubuhi moja nzi wakatoka. Walikuwa weusi, wenye doa la njano mgongoni.

"Ni ya majani," akasema. Maharagwe yalikuwa yamepona, nami nilitaka kupiga vigelegele, lakini yeye alikaa kitako akalia. Alitamani mama awepo, amuulize kama ameona sawasawa. Nilikaa naye mpaka akanyamaza, kisha tukachuma majani mabovu tukayachoma moto.

Maharagwe yalipokauka alipika sufuria moja tukala. Yaliyobaki akayagawa mafungu mawili, moja akaniletea limefundikwa kwenye kipande cha kitenge.

"Mimi kulima sijui, Mama Carmel."

"Najua. Uweke tu. Siku mbegu zangu zitaisha, nitakuja kukuomba."