Nyuki kwenye boksi la mtandao

Leo nimemjua mchawi anayekata mtandao wa halmashauri yetu!

Mwezi mzima lawama zote zinakuja kwetu, watu wa TEHAMA.

Nikapanda ngazi hadi kwenye boksi la mtandao, nje ukutani. Nafungua mfuniko hivi... nyuki! Kumbe wanaingilia kwenye tundu la waya.

Nilivyoshuka sijui. Kiatu kimoja kimebaki juu. Waliokuwa kwenye foleni ya leseni wamecheka hadi wakasahau kununa 😂

Ikabidi nimwite Afisa Nyuki. Tabora hatumkosi. Akawafukiza moshi, akawahamishia mzingani, akatoa sega limejaa asali. Nikasafisha boksi, mtandao ukarudi.

Bosi, aliyenifokea mwezi mzima, akaonja. Akalamba vidole. Kisha akaninong'oneza:

"Kijana, hilo tundu usilizibe sana."

Jamani, nizibe au niache?